Mashine Nayo Hufanya Mtihani

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimboni California nchini Marekani, hufundishwa somo lijulikanalo kwa namba CS229, ambalo jina lake ni Ujifunzaji wa Mashine. Ni miongoni mwa masomo ya sayansi ya kompyuta yenye jina kubwa duniani. Mhadhiri wake wa miaka mingi, Andrew Ng, alipoufungulia umma toleo jepesi la somo hilo kwa njia ya intaneti mwishoni mwa mwaka 2011, watu zaidi ya 100,000 walijiandikisha. Mwanafunzi anayeingia darasani humo hukabidhiwa kwanza waraka wa masharti: anapaswa kujua nini kabla ya kuja, kazi zake zitasahihishwaje, nini kitampata akichelewa kuziwasilisha, anaruhusiwa kushirikiana na wenzake kwa kiasi gani, na ni tendo gani litakalohesabiwa kuwa udanganyifu.

Kwa mtazamo wa haraka, waraka wa namna hiyo haumhusu mhudumu wa zahanati, wala mama anayesubiri majibu ya eksirei ya kifua cha mwanawe. Lakini programu zinazosoma eksirei hizo hubuniwa na watu waliopita katika madarasa ya aina hiyo, na programu zenyewe hufundishwa na kutahiniwa kwa utaratibu usio mbali na ule wa mwanafunzi. Sharti likivunjwa darasani, mwanafunzi hupata alama asizostahili, na mambo yakaishia hapo. Sharti hilohilo likivunjwa wakati wa kuipima programu ya tiba, alama zisizostahili hupewa mashine, kisha mashine hupelekwa wodini.

Ujifunzaji wa mashine ni tawi la akili mnemba. Badala ya mtaalamu kuiandikia kompyuta kanuni moja baada ya nyingine, kompyuta hupewa mifano mingi iliyokwisha kupatiwa majibu, kama vile maelfu ya picha za kifua zilizobainishwa kuwa zina dalili za nimonia au hazina. Kompyuta hutafuta yenyewe uhusiano uliopo kati ya picha na jibu. Kinachopatikana mwishoni huitwa modeli, na thamani yake yote imo katika jambo moja: itajibu nini itakapokutana na mgonjwa ambaye haijapata kumwona.

Sharti la kwanza katika waraka wa CS229 linahusu maarifa ya awali. Mwanafunzi hutarajiwa awe na uwezo wa kuandika programu yenye uzito kiasi, na awe amesoma nadharia ya uwezekano, kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya mstari. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa uzio wa kuwazuia wengi. Hata hivyo, katika mambo hayo manne, nadharia ya uwezekano ndiyo ambayo kukosekana kwake huweza kumdhuru mgonjwa moja kwa moja, na inafaa kuona kwa nini.

Chukulia kipimo kinachowatambua wagonjwa 90 katika kila wagonjwa 100, na kinachowaondolea shaka watu 90 katika kila watu 100 wasio na ugonjwa. Kwa maelezo hayo, ni kipimo cha kutamanika. Sasa kipelekwe kijijini kikatumiwe kwa watu 1,000, ambao 10 tu kati yao ndio wagonjwa. Kitawanasa wagonjwa 9 na kumwacha mmoja. Katika watu 990 waliobaki, kitawatia hofu 99 wasio na ugonjwa wowote. Yaani watu 108 wataambiwa wana ugonjwa, ilhali ni 9 tu walio nao: mmoja katika kila 12. Muuzaji aliyesema kuwa kifaa chake kina usahihi wa asilimia 90 hakusema uongo. Amenyamaza tu kuhusu idadi ya wagonjwa waliomo kijijini, na bila idadi hiyo asilimia 90 haimsaidii mganga kumjibu mtu aliyeketi mbele yake. Mwanafunzi asiyeielewa hesabu hii hawezi kuruhusiwa kutengeneza kipimo, na kwa mantiki hiyohiyo kiongozi wa kituo asiyeielewa ataamini bango lolote la biashara.

Kuhusu kuchelewa, maneno ni machache. Wanafunzi hupewa siku chache za ziada ambazo huzitumia watakavyo katika muhula bila kuomba ruhusa, na baada ya hapo kila siku ya kuchelewa hupunguza alama. Ni utaratibu wa kiutu, kwa kuwa haumlazimishi mtu kuleta cheti cha daktari kwa kila homa. Madaktari nao huokolewa na foleni ya vyeti visivyo vya lazima.

Sehemu nzito ya waraka ni ile inayohusu ushirikiano. Wanafunzi wa CS229 wanahimizwa kuunda vikundi vya kujisomea na kujadili maswali kwa pamoja. Lakini ukifika wakati wa kuandika majibu, kila mmoja anatakiwa aandike peke yake, kutoka kichwani mwake, bila kutazama karatasi zilizoandikwa katika kikao cha pamoja. Kisha anatakiwa ataje majina ya wote alioshirikiana nao. Kutazama majibu ya miaka iliyopita, yawe ya maandishi au ya programu, ni kosa la kinidhamu, hata kama aliyetazama hakunakili neno.

Mtu anaweza kuuliza: kama mjadala unaruhusiwa, kwa nini karatasi za mjadala zikatazwe? Jibu ni kwamba aliyeielewa hoja ataweza kuijenga upya akiwa peke yake, na aliyeipokea tu atakwama mstari wa tatu. Daktari yeyote aliyewahi kusimamishwa kando ya kitanda wakati wa mzunguko wa wodi, akatakiwa na mwalimu wake aeleze historia ya mgonjwa bila kufungua faili, anaijua tofauti hiyo kwa jasho lake.

Nyuma ya masharti haya ipo Kanuni ya Heshima ya Stanford, iliyoanza mwaka 1921. Kwa takriban karne nzima chini ya kanuni hiyo, wahadhiri hawakukaa katika vyumba vya mitihani kuwalinda wanafunzi. Wanafunzi waliaminiwa wajilinde wenyewe na walindane. Ni mwaka 2023 ndipo chuo kilipoidhinisha jaribio la kurejesha usimamizi wa mitihani. Katika masomo ya kompyuta uaminifu huo haukuachwa peke yake kwa muda mrefu. Mwaka 1994 Alex Aiken, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza mfumo uitwao Moss unaolinganisha programu za wanafunzi na kuonyesha zinazofanana kupita kiasi. Kubadili majina ya vigeu au kupanga upya nafasi za maandishi hakumsaidii aliyenakili, kwa kuwa mfumo huo hutazama muundo wa kazi.

Kisha ikaja ChatGPT, Novemba 2022. Februari iliyofuata, bodi ya chuo inayosimamia mwenendo wa wanafunzi ilitoa mwongozo mfupi: pale ambapo mwalimu hajatoa maelekezo yake, kutumia programu ya namna hiyo kuhesabiwe sawa na kusaidiwa na mtu mwingine, na msaada huo utajwe. Ni ulinganisho wa busara, nao hauna sababu ya kubaki chuoni. Anayeandika barua ya rufaa kwa msaada wa programu kama hiyo anapaswa kuisoma kama ambavyo angeisoma iliyoandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na anayeipokea ana haki ya kujua imeandikwaje.

Mgonjwa mmoja pande mbili

Hadi hapa masharti ni ya mwanafunzi. Yapo mengine ambayo somo humfundisha mwanafunzi ili naye ayasimamie juu ya mashine, na kuu kati yake ni lile la kutenga data za mtihani.

Data zote zilizopo hugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza na kubwa ni la kufundishia. La pili ni la kufanyia marekebisho, mfano wa mtihani wa majaribio unaofanywa kabla ya ule wa taifa. La tatu hufungiwa kabatini hadi siku ya mwisho, na modeli hupimwa kwalo mara moja. Modeli iliyoliona fungu la tatu wakati wa kujifunza ni sawasawa na mwanafunzi aliyetazama majibu ya mwaka jana. Itapata alama za juu, nazo hazitatabiri lolote kuhusu mgonjwa wa kesho.

Kulivunja sharti hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na aghalabu hakuna nia mbaya. Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa kwa umma hazina ya picha 112,120 za eksirei ya kifua. Picha hizo zilitoka kwa wagonjwa 30,805, kumaanisha kwamba kwa wastani kila mgonjwa alikuwa na picha zaidi ya tatu. Mtu akizichanganya picha zote kama karata na kuzigawa ovyo, mgonjwa yuleyule ataonekana katika fungu la kufundishia na pia katika fungu la mtihani. Mbavu ni zilezile, moyo ni uleule, na kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, nacho kipo palepale. Modeli itamkumbuka mtu, na watafiti watadhani imeutambua ugonjwa. Kwa sababu hiyo kundi la Stanford lililotumia hazina hiyo kutengeneza modeli ya nimonia iitwayo CheXNet lilieleza katika makala yake kwamba mgawanyo ulifuata wagonjwa, na kwamba hakuna mgonjwa aliyetokea katika mafungu mawili. Sentensi moja fupi katika makala ndefu. Lakini msomaji makini huitafuta kabla ya kuangalia asilimia zozote.

Ipo namna nyingine ya kuuona mtihani, nayo ni kuufanya mara nyingi mno. Shindano la kimataifa la kutambua picha lililojulikana kama ImageNet liliweka sharti kwamba kila kundi liwasilishe majibu yake kwa ajili ya kupimwa mara mbili tu kwa wiki. Juni 2015 waandaaji walitangaza kwamba kundi moja la kampuni ya Baidu ya China lilikuwa limewasilisha zaidi ya mara 200 katika muda wa takriban miezi sita, likitumia akaunti zisizopungua 30. Kundi hilo lilizuiwa kushiriki kwa miezi 12. Waliofungiwa hawakuwa wameiba majibu. Walikuwa wakirekebisha, wakijaribu, wakirekebisha tena. Na kila jaribio lilivujisha habari kidogo kuhusu maswali yaliyofichwa. Mtu akiruhusiwa kurudia mtihani uleule mara 200 na kuchagua alama iliyo bora kuliko zote, alama hiyo inapima subira yake.

Katika tiba, hata hivyo, hatari kubwa zaidi hutokea pale ambapo masharti yote ya mgawanyo yamefuatwa, na bado mtihani ukawa mwepesi mno kwa sababu umetoka katika hospitali ileile iliyotoa mifano ya kufundishia. Mwaka 2018 John Zech na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS Medicine uchunguzi uliostahili kusomwa na kila anayenunua programu ya eksirei. Walichukua picha za kifua kutoka Mount Sinai ya New York, kutoka Taasisi za Taifa za Afya zilizotajwa juu, na kutoka jimbo la Indiana. Modeli iliyofundishwa kwa picha za sehemu mbili za kwanza ilipotahiniwa kwa picha nyingine za sehemu hizohizo, ilipata 0.931 katika kipimo ambacho 1 ni ukamilifu na 0.5 ni kubahatisha. Ilipopelekwa Indiana, ikashuka hadi 0.815.

Sababu ilikuwa nini? Watafiti waligundua kwamba modeli iliweza kutaja picha imetoka hospitali gani kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Miongoni mwa dalili zilizoivutia ni alama ndogo za madini ambazo mafundi wa eksirei huziweka pembeni kuonyesha kulia na kushoto. Sasa, katika picha za Mount Sinai, asilimia 34 hivi zilikuwa na nimonia. Katika picha za zile taasisi za taifa, asilimia 1 hivi. Modeli iliyokwisha kujua hospitali ilikuwa imekaribia kulijua jibu kabla ya kulitazama pafu.

Janga la UVIKO-19 lilionyesha jambo hilo kwa wingi wa kutisha. Kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Cambridge, Uingereza, lilikusanya tafiti 2,212 za mwaka 2020 kuhusu modeli za kutambua au kutabiri ugonjwa huo kwa picha za kifua. Baada ya kuchuja kwa vigezo vya ubora zilibaki 62. Katika hizo 62, hawakupata hata moja iliyofaa kutumiwa kwa wagonjwa. Baadhi ya modeli zilikuwa zimefundishwa kwa picha za watu wazima wenye UVIKO-19 zikilinganishwa na picha za watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 5 waliotumika kama mfano wa wasio na ugonjwa huo. Modeli kama hizo zilijifunza kumtofautisha mtu mzima na mtoto, kazi ambayo mlinzi wa getini angeifanya bila kompyuta.

Kuonyesha njia

Katika kazi za CS229, kama katika hisabati ya shule ya msingi, jibu sahihi peke yake halitoshi. Mwanafunzi huonyesha njia aliyopitia. Mashine nyingi za leo hutoa jibu bila njia, na kuna kisa mashuhuri kinachoeleza kwa nini hilo si jambo dogo.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walijaribu modeli kadhaa za kutabiri ni mgonjwa gani wa nimonia aliye katika hatari ya kufa, ili wenye hatari ndogo watibiwe wakiwa nyumbani. Modeli iliyofanya vizuri kuliko nyingine ilikuwa ya aina isiyoeleza sababu zake. Wakati huohuo, modeli nyingine iliyokuwa ikieleza sababu zake, ikiwa imejifunza kwa data zilezile, ilitoa kanuni ya ajabu: mgonjwa wa nimonia aliye pia na pumu ana hatari ndogo ya kufa. Hakuna tabibu asiyeshtuka akiisikia. Hata hivyo, katika data ilikuwa kweli. Wagonjwa wenye pumu walipofika na nimonia walipelekwa haraka katika uangalizi maalumu, mara nyingi moja kwa moja kwa wagonjwa mahututi, na kwa sababu ya uangalizi huo walipona zaidi. Modeli iliona kupona. Haikuona mikono iliyowaponya. Kama ingeachwa iamue, ingewarudisha nyumbani watu waliohitaji kitanda kuliko wengine.

Rich Caruana, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, ameeleza baadaye kwamba modeli ile bora haikupelekwa kwa wagonjwa. Kosa la pumu lilijulikana na lingeweza kurekebishwa. Kilichowatia hofu ni makosa mengine ya namna hiyo ambayo huenda yalifichika ndani ya modeli isiyoonyesha njia, wala hakuna ambaye angeyajua. Ikumbukwe kwamba kosa hilo lilinaswa kwa sababu walikuwapo watu waliojua pumu ni nini. Mhandisi asiye na tabibu kando yake angeona tarakimu safi na kuipitisha.

Mafaili ya watu

Masomo ya ujifunzaji wa mashine yanayohusu afya huongeza sharti ambalo masomo mengine hayana. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, yaani MIT, imetengenezwa hazina ya data iitwayo MIMIC, inayotumiwa na madarasa katika nchi nyingi. Toleo lake la tatu lina kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 40,000 waliolazwa katika vitengo vya wagonjwa mahututi vya hospitali moja ya Boston kati ya mwaka 2001 na 2012. Mwanafunzi hawezi kuifungua kwa kulipa ada ya chuo tu. Anatakiwa kwanza amalize mafunzo ya maadili ya utafiti unaohusu binadamu, kisha atie saini mkataba wa kutojaribu kumtambua mgonjwa yeyote na wa kutompa data hizo mtu mwingine.

Anayezifungua hukutana na mambo ya kustaajabisha. Tarehe zimesogezwa mbele, hivyo mgonjwa anaonekana amelazwa katika karne ya 22. Wenye umri wa zaidi ya miaka 89 wanaonekana wana miaka zaidi ya 300, kwa kuwa watu wa umri huo ni wachache na miaka yao halisi ingeweza kuwafichua. Upotoshaji huu wa makusudi ni aina ya adabu: mwanafunzi anapata mapigo ya moyo, dawa na vipimo, bila kumpata mtu. Na Aprili 2023, wasimamizi wa data hizo waliwakumbusha watumiaji kwamba kuzituma katika huduma za mtandaoni kama ChatGPT ni sawa na kumpa mtu mwingine, jambo ambalo mkataba unalikataza.

Kwa wahudumu wa afya wa Tanzania ukumbusho huo unagusa jambo la kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya eksirei inayorushwa katika kundi la WhatsApp kuomba ushauri, jina la mgonjwa likisomeka wazi kwenye kona, imetumwa kwa nia njema. Mwanafunzi wa MIMIC akifanya hivyo angenyang'anywa ruhusa. Kuifunika kona ile kwa kidole kabla ya kupiga picha huchukua nukta moja.

Kabatini kwa kila kituo

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumiwa badala ya msomaji binadamu kutafsiri eksirei ya kifua katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa nchi zenye wataalamu wachache wa radiolojia ni habari kubwa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambako programu za aina hii zilifanyiwa utafiti mapema. Hapo ndipo masharti ya darasani yanapofika hadi mezani kwa mhudumu.

Programu hizo hazisemi «anaumwa» au «haumwi». Hutoa alama, na kituo au mpango wa taifa huamua ni kuanzia alama gani mtu achukuliwe makohozi kwa ajili ya kipimo cha maabara. Mstari ukiwekwa chini, vifaa vya maabara humalizika kwa kupima wazima. Ukiwekwa juu, wagonjwa hurudi nyumbani wakikohoa. Uchunguzi uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2021 ulizipima programu tano za kampuni mbalimbali kwa picha za watu 23,954. Zote tano zilifanya vizuri kuliko wasomaji binadamu waliolinganishwa nazo, na hilo lisipuuzwe na wenye mashaka. Lakini zote zilifanya vibaya zaidi kwa watu wa umri zaidi ya miaka 60 na kwa waliowahi kuugua kifua kikuu, ambao mapafu yao yana makovu ya zamani. Mstari uliofaa mjini Dhaka hauwezi kuchukuliwa ulivyo ukawekwa mkoa wenye wachimbaji wa madini, ambao vifua vyao vimejaa vumbi la miaka, au wilaya yenye watu wengi wanaoishi na VVU, ambao eksirei zao mara nyingi hazina alama zilizozoeleka.

Kwa hiyo kituo kinachopokea programu kama hiyo kinahitaji fungu lake la kabatini: eksirei za watu wa hapohapo, zenye majibu ya makohozi, ambazo programu haijapata kuziona. Kazi ya kulikusanya si ya mhandisi wa California. Ni ya muuguzi anayeandika katika rejista, mstari mmoja kwa kila mtu, alama iliyotolewa na mashine na kando yake jibu la maabara, pamoja na umri, historia ya kifua kikuu na hali ya VVU, hata kwa baadhi ya wale ambao mashine iliwaona wazima. Hao wa mwisho ndio husahaulika, na bila wao hakuna atakayejua wagonjwa wangapi walipitwa. Kampuni inapoleta toleo jipya la programu, alama hubadilika maana, na rejista hiyo hufunguliwa upya kuanzia mstari wa kwanza.